Mwanangu Si Fyekeo

Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, shule iko pua na mdomo na kwao, halafu kila siku anachelewa namba, ile ya kuhesabiwa mstarini asubuhi. Inaingia akilini kweli?

Baba yake haikumwingia. Ndiyo maana alikuja kunifokea mimi.

Nilikuwa nafagia uani kwangu, mtaani Lizaboni, nikasikia geti linabamizwa. Kumbe ni Bashiru, yule mzaliwa wa Tunduru anayeuza korosho sokoni kwetu. Salamu hakuna.

"Mama Otto, mwanao anamharibu Asma wangu! Kila siku mchelewaji. Nikimuuliza sababu, Otto, Otto! Mwambie huyo zezeta wako amwache!"

Zezeta! Damu ilinichemka.

Otto ana usonji. Ana miaka tisa, maneno yake machache, na kengele ikilia anaziba masikio. Shule ilitutangazia kikaoni mpango wa marafiki: kila siku mwanafunzi mmoja anakaa naye, anacheza naye. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwanangu kapata marafiki!

"Twende shule," nikamwambia Bashiru. "Ukajue zezeta ni nani."

Njia nzima tulirushiana maneno, bodaboda wanatushangilia.

Mwalimu wa zamu, Saimon, alitusikiliza huku anatabasamu.

"Mama, ukweli watoto waligoma kukaa naye. Tukaona wachelewaji, badala ya kufyeka majani, wakae na Otto. Adhabu nyepesi tu."

Adhabu.

"Kwa hiyo mwanangu ni fyekeo?" Nilipiga meza, chaki zikaruka. "Mnamgawa asubuhi, jioni mnamrudisha stoo?"

"Si unaona?" Bashiru akadakia. "Binti yangu anaadhibiwa kwa..."

"Nyamaza wewe!"

Asma akaitwa. Akaja na Otto kamng'ang'ania mkono. Sweta la binti limelowa umande, anatetemeka kwa ile baridi yetu ya Juni.

"Unatoka kwangu mapema, unachelewaje?" baba yake akafoka.

"Nafika mapema, baba. Najificha nyuma ya choo mpaka namba iishe."

"Kwa nini?"

"Nikiwahi, Otto anapewa mwingine. Wengine wanamfinya ili anyamaze."

Nikapandisha mkono wa shati la mwanangu. Kumbe zile alama ambazo shule iliniambia kaanguka zilikuwa za kufinywa.

Mwalimu hakutabasamu tena.

Bashiru akavua kofia. "Mwalimu, wallahi, kesho binti yangu anawahi namba, na atakaa na Otto. Ukikataa, mimi na huyu mama tunakwenda kwa afisa elimu."

Hakukataa.

Bashiru ananiletea korosho siku hizi. Nakula, ila lile neno la getini sijamsamehe.

Na nyie walimu, na nyie wazazi mnaopiga makofi vikaoni, nisikilizeni. Ukimpa mtoto urafiki kama adhabu, umemfundisha kumchukia mwenzake. Waulizeni kwanza nani anataka kukaa naye. Yupo. Pengine anatetemeka nyuma ya choo, na nyie mnamwita mchelewaji.