Panga Lililofungwa Mafundo Matatu

Jumanne asubuhi niliingia duka moja la hadiwea mjini Kakamega kununua panga la kufyekea nyasi nyumbani. Mbele yangu alikuwa mkata miwa. Mama mwenye duka alisoma barua yake ya naibu wa chifu mpaka kwenye muhuri, akalizungushia panga gunia, akalifunga kamba mafundo matatu. Hakumpa mkononi. Aliliweka juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja.

"Utafungulia kwako," akamwambia.

Utaratibu huu ulianza baada ya mtu mmoja kuua kwa panga katika shamba la miwa. Muuaji amefungwa maisha, lakini amri ya kuonyesha barua ya naibu wa chifu kabla ya kuuziwa panga haijaondolewa.

Zamu yangu ikafika. "Habari ya asubuhi, mama? Watoto hawajambo?"

Alinitazama vidole, si uso.

"Barua iko wapi?"

"Sina, mama. Si unanijua? Mimi hununuanga misumari hapa."

"Hata yule nilimjua," akasema polepole. "Panga lake alinunua kwangu, akiwa amesimama hapo hapo ulipo. Watu wanafikiria alikuja na macho mekundu. Hapana. Aliniuliza kama watoto wangu hawajambo."

Nilitoka bila panga. Serikali ilituwekea sheria ya makali. Mama yule anaogopa salamu.

Nyasi zangu sasa zinagusa dirisha. Jana jirani yangu wa miaka mingi alisimama langoni, akaniuliza watoto wanaendeleaje. Kabla sijamjibu, nilimtazama vidole.