Nilimnunulia Mwanangu Mbuzi ili Amsahau Mama Yake

Kosa ni langu, nalisema mapema ili usihangaike kunitafutia sababu. Wanaume wenzangu wakiachana na wake zao wanagombania nyumba, viwanja, wengine hata masufuria. Mimi niligombania mbuzi. Na nikampata.

Mimi ni fundi seremala hapa Mkuyuni. Baada ya talaka, mama Neema alirudi kwao Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na mahakama ikaamua mtoto akae kwake. Neema ana miaka saba. Wiki hii anakuja kwangu Ijumaa hadi Jumapili, wiki ijayo anabaki kwa mama yake. Tulikuwa tunakabidhiana mtoto kivukoni, salamu fupi, kila mtu anageuka na njia yake.

Shida ilikuwa Jumamosi. Ikifika mchana, Neema anaanza kumlilia mama yake. Nampikia chipsi, analia. Nampeleka Ilemela kuangalia ndege zikitua, analia huku anaziangalia. Iliniuma, sikufichi. Ila badala ya kukaa chini nimbembeleze mwanangu, nikaingiwa na wivu. Nikaenda kununua mbuzi jike.

Ndugu yangu, dawa iliingia. Neema alimpa mbuzi jina la Meneja, akashinda naye kibarazani kutwa nzima, na mama yake hakutajwa hata mara moja. Nikajiona mwanaume mwenye akili kuliko wote Mkuyuni.

Jumapili wakati wa kuondoka, mtoto akashika kamba ya mbuzi akagoma kuiachia. Ikabidi Meneja naye avuke. Kule Kamanga, mama Neema alimtazama mbuzi akishuka kwenye kivuko, kisha akanitazama mimi.

“Baba Neema, na huyu naye mmeachana lini?”

Tangu siku hiyo mbuzi akawa anakwenda na kurudi na mtoto. Akitoka Kamanga anakuja na utepe mwekundu shingoni. Akitoka kwangu anarudi ameogeshwa kwa shampuu, maana sikukubali kushindwa na utepe. Sisi ambao tulikuwa hatuulizani hata mtoto anaendeleaje shuleni, sasa tulipigiana simu kila mara kuhusu tumbo la mbuzi.

“Meneja anaharisha. Ulimlisha nini?”

“Kwangu aliondoka mzima. Muulize bibi yake.”

Bibi yake! Nilimaanisha mama mkwe wangu wa zamani, mtu ninayempa shikamoo kwa heshima zote. Nilimfanya bibi wa mbuzi na wala sikujistukia.

Kisha Meneja akapata mimba. Aliipata Kamanga, kwa beberu wa jirani. Mama Neema akasema mbuzi mwenye mimba hapandi kivuko, atazalia hukohuko. Mimi nikashikwa na hofu. Niliona leo anazuiliwa mbuzi, kesho mtoto naye hatakuja tena, nibaki peke yangu na mbao zangu. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Badala yake nikamwambia naitisha kikao.

Tulikutana nyumbani kwa mama mkwe, wazee wa pande zote mbili wakiwepo. Neema alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Nikasimama nikatoa hoja ambayo mpaka leo naona aibu jinsi ilivyokuwa nzuri. Niliwakumbusha kwamba kwetu Wasukuma mtu akikuwekea mfugo wake, wewe faida yako ni maziwa. Mfugo wenyewe na uzao wake ni mali ya mwenyewe. Mama Neema ni mtunzaji tu. Mbuzi ni wangu, na watakaozaliwa ni wangu.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hata mjomba wake mama Neema, ambaye hajawahi kunipenda, alikubali.

“Mkwe amesema kweli,” akasema. “Mbuzi ni wake. Haya, sasa tuambie na habari za huyu mtoto.”

“Mjomba, ya mtoto tutaongea baadaye,” nikajibu. “Kwanza tumalize la mbuzi.”

Hakuna aliyecheka. Mama Neema aliinamisha kichwa. Neema akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Nikarudi mjini na mbuzi wangu. Ilipofika zamu yangu nilikwenda kivukoni, abiria wakashuka hadi wakaisha. Nikapiga simu. Namsikia mama Neema, huyohuyo niliyemuita mtunzaji, anambembeleza mtoto.

“Nenda kamwone baba yako, mama. Anakusubiri.”

“Baba ana mbuzi wake,” Neema akasema.

Zamu nyingine ikapita hivyohivyo, na nyingine. Meneja akazaa mapacha, wazuri kweli, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Siku moja nikawafunga kamba wote nikavuka nao hadi Kamanga.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea Meneja na watoto wake. Ni wako wote.”

“Asante.”

Akawapokea. Akaniwekea kiti, akaniletea maji kwenye trei na kupiga goti, kama anavyofundishwa kuwakirimu wageni. Nilipomaliza kunywa, akaniuliza kwa adabu:

“Unarudi na kivuko cha saa ngapi?”

Nililia ndani ya kivuko, mtu mzima na ndevu zangu, na abiria wakajifanya wanaangalia maji. Sasa nakwenda Kamanga kila Jumapili, nakaa kwenye kiti hichohicho, nasubiri mwanangu anizoee upya. Hajakubali bado kuja kulala kwangu.

Wewe unayelea na mtu mliyeachana, chukua haya kutoka kwangu. Kikaoni wakikuuliza habari za mtoto, jibu hizo za mtoto kwanza. Habari za mbuzi zinaweza kusubiri.