Blanketi Langu na Landrova ya Harusi

Chekeni tu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, shemeji aliniachia Landrova yake iliyotoka kupakwa rangi nyeupe. Kesho yake ilikuwa imbebe bibi harusi.

"Usiiguse," alisema.

Nikajiuliza, hivi imekauka kweli? Nikagusa kwa kidole, ikanata. Na vumbi la Karatu mnalijua. Nikavua blanketi langu jekundu, nikaifunika boneti kama mtoto mchanga.

Nilipolibandua, boneti ilikuwa imeota manyoya mekundu. Nikajitanda blanketi upesi.

Shemeji akarudi, akaipapasa boneti. "Nani kafanya hivi?"

"Upepo, shemeji. Umeleta manyoya ya mbuzi."

Akanizunguka taratibu. "Na huko mgongoni, upepo ndio umekupaka rangi?"