Mikeka ya Mfuduni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama Mfuduni na jiwe mkononi, macho yangu yako kwenye kioo cha tingatinga. Nilikuwa msichana wa umri wako, hasira zangu ziko karibu, na shabaha yangu ilikuwa nzuri kwa sababu nilikulia katika kuangua kunazi kwa mawe. Nisingekosa, na hilo nakwambia bila haya yoyote.

Lakini kwanza nikueleze Mfuduni ni wapi. Ni kichaka cha mji wetu wa Malindi, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, na kilipewa jina kwa ajili ya mifudu, ile miti ya matunda meusi, iliyojaa pale. Msimu wa fudu, watoto walirudi nyumbani na ndimi nyeusi wakiapa kwamba hawakuonja kitu. Palikuwa na mikwaju ya kivuli kizito, mbambakofi mkubwa katikati, na ndege wa hondohondo waliopiga makelele tangu alfajiri kana kwamba wanagombania urithi. Ukiingia humo saa za jua kali, mwili wenyewe ulishusha pumzi.

Miaka hiyo ya themanini mji ulikuwa unakua kwa pupa. Hoteli zilizuka ufuoni moja baada ya nyingine, na kila mwenye kiwanja alijiona sultani. Mfuduni nayo ilianza kugeuka jaa. Watu walimwaga humo chupa na mabati mabovu, wengine wakakata miti wachome makaa. Aliyeanza kupasafisha alikuwa Bi Rukia, mjane wa mtaani kwetu, mpishi wa maharusi, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Akamvuta Mama Kadzo, Mgiriama aliyekuwa na shamba Ganda, ambaye aliotesha miche ya mifudu katika zile pakiti za maziwa za pembetatu tulizookota barabarani. Kisha wakatuvuta sisi wengine, Waswahili, Wagiriama, na wake za wafanyakazi waliotoka bara, wale wa kwenda kanisani Jumapili. Hatukuwa na chama, wala hakuna aliyetulipa hata kikombe cha chai.

Kila Jumamosi tuliokota taka, tukafukia mashimo na kumwagia miche maji. Kazi ikiisha, Bi Rukia hakumruhusu mtu kwenda zake. Alitandika mkeka akasema, "Mwasafisha ili mkae. Haya, kaeni!" Basi ikawa mandari kila wiki. Kulikuwa na pilau, kachumbari, mabuyu kwa watoto, na umbea wa kutosha kwa wakubwa. Wanaume wa barazani walitucheka, wakatuita walinzi wa kunguru. Tuliwaacha wacheke, nasi tukala.

Hata siku moja tukakuta vigingi vyekundu vimepigwa kuizunguka Mfuduni yote. Tajiri mmoja alikuwa amepewa pale ajenge nyumba za kukodisha wageni. Jina lake silitaji hata leo. Simwogopi, ila halistahili mdomo wangu. Bi Rukia na Mama Kadzo walikwenda kuuliza ofisini, wakawekwa benchini mpaka watu wakaanza kufunga madirisha. Jibu walilopewa ni kwamba kile ni kiwanja kitupu, hapana mtu pale.

Bi Rukia alirudi ameuma mdomo. Tulipomzunguka alisema, "Wasema hapana mtu. Vyema. Jumamosi watatuona."

Jumamosi hiyo tulikwenda mapema na mikeka yote tuliyokuwa nayo, hata ile mipya ya akiba ya maharusi. Tukaitandika kutoka mdomo wa njia mpaka kwenye mbambakofi. Bi Rukia akaweka sufuria lake kubwa la harusi juu ya mafiga, na harufu ya bizari ikatapakaa kichaka kizima. Ilipokwisha sala ya adhuhuri, ambayo yeye aliisali pale pale mkekani, tukasikia mngurumo. Tingatinga lilikuwa linakuja kuelekea mdomo wa njia, linavunja vijiti.

Hapo ndipo nilipookota jiwe.

Bi Rukia aliniona kabla sijainua mkono. Hakunong'ona, mwanangu. Alinikemea mbele ya wanawake wote.

"Wee! Litupe hilo! Ukivunja kioo, kesho mji mzima utazungumza habari ya jiwe lako. Mimi nataka wazungumze habari ya Mfuduni. Njoo hapa ukatekate vitunguu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nililitupa jiwe, nikakaa, nikakata vitunguu huku machozi yananitoka, na namshukuru Mungu kwamba vitunguu vilinisitiri. Hasira haikuniisha hata kidogo. Ila niliona kitu: Bi Rukia naye hakuwa ametulia. Kila alipokoroga, upawa uligonga sufuria kama nyundo. Alikuwa na hasira kunishinda mimi, na alikuwa ameikalia.

Tingatinga likasimama ukingoni mwa mkeka wa kwanza. Dereva alikuwa kijana wa Mariakani, shati limelowa jasho, na pembeni yake utingo wake. Akatazama mikeka, akatazama sinia, hakujua pa kupita. Bi Rukia akamwita kama anavyoitwa mgeni yeyote anayewakuta watu wanakula.

"Karibu chakula, babangu."

"Shikamoo, mama. Ahsante, nimeshiba."

"Marahaba. Hujashiba, waona haya tu. Zima hilo dude, vua viatu, uje ule."

Akazima. Wakavua viatu wote wawili, wakanawa, wakatengewa sinia lao pembeni. Wakala kwa heshima, macho chini. Hakuna aliyewaambia neno juu ya miti. Mama Kadzo aliwauliza tu habari za kwao na kama mvua imenyesha, akawaongeza nyama.

Walikuwa bado wanakula tajiri alipofika na gari lake. Alishuka anafoka tangu mlangoni. Akaja moja kwa moja, na viatu vyake miguuni, akapanda juu ya mkeka. Akaukanyaga mkeka wenye chakula, mkeka uliotoka kusaliwa punde ile. Na usidhani hakujua. Alizaliwa pwani hii hii, mama yake alimlea juu ya mkeka kama sisi sote. Kisahani cha kachumbari kikapinduka chini ya kisigino chake.

"Ondokeni! Hiki ni kiwanja changu! Hapa hapana kitu, hapana mtu!"

Bi Rukia akainuka taratibu, upawa mkononi. "Basi hicho unachokikanyaga ni nini?"

Tajiri akampa kisogo. Akamgeukia dereva. "Na wewe! Panda mtambo!"

Yule kijana alisimama, vidole bado vina wali. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini tuliisikia sote. "Mzee, vua viatu, au shuka mkekani."

"Nimekuajiri ung'oe miti, hukuajiriwa unifunze adabu!"

"Basi tafuta mwingine. Mimi nimekula na hawa, na wewe umekanyaga chakula chao."

Akanawa mikono, akamshukuru Bi Rukia, akawasha tingatinga na kulirudisha kinyumenyume mpaka barabarani. Nilitaka kushangilia, nikajizuia kwa sababu ya ile aibu ya jiwe. Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Bi Rukia mwenyewe, na hapo tukamfuata sote mpaka hondohondo wakaruka.

Kabla ya magharibi mji wote ulikuwa umesikia. Wale wanaume wa barazani ambao mambo ya miti hayakuwahusu, mkeka uliwahusu. Jumamosi iliyofuata walikuja wenyewe, na mikeka yao kwapani. Wakaja walimu na wanafunzi wao, ikaja kwaya ya kanisa, wakaja watu wa Mambrui na kapu la samaki. Tajiri alileta dereva mwingine kutoka Mombasa. Huyo alikuta Mfuduni haina pa kuweka mguu, akanywa kahawa, akarudi zake. Mwisho tajiri alichoka, akapeleka fedha zake kwingine. Hakuna aliyetuomba radhi, wala hatukungoja. Kipande cha upande wa barabara kilikatwa baadaye, na mpaka leo kinaniuma nikipita. Lakini Mfuduni ipo, na miche ya Mama Kadzo imekuwa mikubwa, inazaa.

Sasa nisikilize. Juzi umeniambia kwamba kile kichaka cha karibu na kwenu kimezungushiwa seng'enge, kisha ukaongeza, "Tutafanya nini, bibi?" Neno hilo sitaki kulisikia tena katika nyumba yangu. Nikakuuliza mara ya mwisho ulikwenda lini kukaa humo, ukasema hukumbuki. Hapo ndipo penye ugonjwa. Wanaonyakua hutafuta mahali ambapo wenyewe wamepaacha. Basi nenda kesho. Okota taka, panda mti, kisha ukae ule na wenzio, mcheke, watoto wachafuke. Majirani wa kila dini na kila kabila waite kwa majina yao. Hasira yako usiitupe, utaihitaji, lakini ikalie mpaka ikutii. Na atakapokuja mtu kukwambia kwamba hapo hapana mtu, usiinuke kumpisha.

Mola akupe kifua cha kusimama na adabu ya kukaa. Akupe wenzio wa kweli, akuepushe na woga unaojiita busara. Na siku watakayokuja na mitambo yao, akukutanishe nao ukiwa mahali pako, umeshiba, na huna haraka ya kwenda popote.