Chai ya Kusomea Chupa

Chupa zile zilinuka. Arbab wetu, yaani bosi wetu Mwarabu, alizinunua kwa maboksi, zimefukuliwa kwenye majalala na vyoo vya kale huko Ulaya, akaziuzia hoteli kama mapambo. Kazi yangu pale ghalani Al Quoz, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa kunakili maandishi yaliyoinuka kwenye kioo: jina la mtengeneza dawa, mji wake, wakati mwingine neno moja tu. Ndani mlikuwa na tope jeusi na mabawa ya mende. Mara moja kitu kama ngozi iliyooza kilininata kidoleni. Nikikumbuka, mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni.

Kioo kisicho na rangi ndicho kilichonisumbua. Herufi zake hazikuonekana hata kwa tochi. Nikagundua kwamba ukijaza chupa chai ya rangi, zinajitokeza. Basi nikawa najaza, nasoma, nanakili, kisha chai ile ile naimimina kwenye themosi kuukuu iwe ya kusomea chupa inayofuata. Kupika nyingine niliona uvivu. Themosi yenyewe niliiacha mezani chumbani kwetu, nyuma ya ghala, bila alama yoyote.

Mwenzangu wa chumba, mlinzi Mkenya, akarudi kutoka zamu. Tulikuwa tunakula sinia moja, hakuwa na haja ya kuomba. Akajimiminia nikiwa nimempa mgongo.

"Mzee, hii strungi yako leo iko na ladha ya mtaro!" Akacheka, akamaliza kikombe.

Mkononi nilikuwa na chupa niliyotoka kumimina chai yake kwenye themosi ile.

"Tema! Hiyo si ya kunywa!"

"Niteme nini na nishameza?"

Nikampa chupa. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, akafika mwisho wa neno la Kizungu: sumu. Akakimbilia shimo la maji machafu, akajitia vidole kooni. Matapishi yalinirukia miguuni. Hayakunichukiza kama nilivyojichukia mwenyewe.

Hospitali walimlaza hadi kesho yake, akapona. Themosi niliitupa, nikamwomba radhi, nikanunua nyingine mpya mbele ya macho yake.

"Karibu chai, ndugu yangu."

"Nimeshiba, mzee."

Alijibu hivyo hata siku alizotoka zamu hajatia kitu tumboni. Kikombe chake alikifunga kwenye mfuko wa plastiki, akawa analala nacho chini ya mto.