Lori Lililoko Burundi

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya ukaguzi wa magari, Katoro. Mbele yangu alikuwepo mzee mfugaji aliyeuza ng'ombe akanunua lori aina ya Fuso. Alimkabidhi mkaguzi kadi ya gari kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Gari liko wapi?" aliuliza mkaguzi.

"Marahaba. Liko Burundi, injini ilikufa, ndiyo inatengenezwa. Naomba stika ya ukaguzi, dereva asikamatwe akivuka mpaka kurudi."

"Siwezi kukagua gari nisiloliona."

"Ng'ombe wangu akiugua, daktari anamfuata zizini."

"Zizi lako liko Burundi, mzee. Lirudishe kwanza."

"Lirudi bila stika?"

Mkaguzi alimrudishia kadi. Mzee aliipangusa kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi, akatoka.

Zamu yangu ilipofika nilisema gari liko nje. Mkaguzi alinisogezea stika bila kunyanyuka kitini wala kuchungulia dirishani. Nami, kwa uchovu wa foleni, nikaichukua nikatoka.

Nje nilimkuta yule mzee akilizunguka gari langu taratibu.

"Baba," akaniambia, "taa yako ya breki imepasuka."

Siku nzima ile, ni yeye tu aliyelikagua.