Fundi Aliyeupa Moto Mgongo

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ameifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijamwota, na sasa ndevu zenyewe ni nyeupe. Mageti, nondo za madirisha, vitanda vya hospitali vilivyovunjika miguu, toroli za sokoni, vyote vimepita mkononi mwake. Ukitembea nami mtaani kwetu nitakuonyesha: geti lile la kijani ni lake, lile lenye maua ni lake, lile lililolegea si lake. Hilo la mwisho hupenda kulisema mwenyewe, hata kwa mtu ambaye hajamuuliza.

Hakusomea darasani. Alijifunza kwa mjomba wake, mtu wa maneno machache na kofi jepesi. Enzi hizo hapakuwa na mpango wa serikali wala cheti. Ulifagia karakana mpaka mjomba akachoka kukuona na ufagio, ndipo akakupa tupa. Ukasugua chuma mpaka viganja vikaota sugu, ndipo akakupa ngao ya uso yenye kioo cheusi, uutazame moto.

Mjomba alimwachia kanuni moja ambayo mume wangu ameishika kama sala. Usiunge pembe moja ukaimaliza kabla hujazigusa nyingine. Chuma kikipoa hujivuta kuelekea pale kilipoungua, na ukikaa kwenye pembe moja tu, geti zima litapinda kama mkeka ulioachwa juani. Kwa hiyo unaweka nukta hapa, unahamia pembe ya mkabala, kisha ile, kisha ile, unapumzika, unarudi. Yeye huita hivyo kusalimia. "Ukiingia nyumba yenye watu," huwaambia wanafunzi, "humsalimii mmoja ukaketi naye ukala. Salimia wote kwanza. Pembe zina wivu kuliko wake wenza."

Wanafunzi wenyewe tulianza kuletewa na serikali. Lilipita gari lenye kipaza sauti likisema vijana washike ujuzi, wasingoje kazi za mezani. Ofisi ikawaandikisha, ikawagawa kwa mafundi, ikawapa posho ya kuwatosha nauli na sabuni. Fundi naye akapewa mashine mpya. Mume wangu alifurahi siku ile, nisiseme uongo. Aliizunguka mashine kama mtu anayezunguka ng'ombe wa mahari.

Basi wakaja. Wa kwanza alikipenda chakula changu kuliko chuma, akija saa ya kula na kuondoka sahani ikikauka. Wa pili alishika simu kwa mkono mmoja na nyundo kwa mkono mwingine, na ilikuwa ni rehema ya Mungu kwamba vidole vyake vilibaki vyote. Wa tatu alikuwa na kipaji kweli, mkono umetulia, lakini alikwenda kuendesha pikipiki, maana abiria analipa leo na geti linalipa likishachukuliwa. Sikumlaumu. Kila mmoja alikaa muhula wake, akaondoka, nasi tukaanza tena a, e, i, o, u.

Seremala wa ng'ambo ya barabara ni mtani wa mume wangu tangu ujana. Alikuwa akisimama mlangoni kwake, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Cheche," alimwita, "naona serikali imekuletea wajukuu wa kulea."

"Afadhali mimi naletewa. Wewe hata mchwa wamekukimbia."

"Wamekimbilia kwako, wamekuta chuma, wamelia."

Walicheka, lakini mume wangu akiingia ndani cheko lilibaki nje. Kufundisha kunachosha kuliko kubeba. Mzigo ukiubeba unafika nao mahali. Huyu unamfundisha leo, kesho hayupo, na yale uliyoyasema inabidi uyaseme upya kwa maneno yaleyale, kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha.

Kisha macho. Yalianza kama mchanga. Jioni nilimwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope, akilala chali, akisema ni vumbi tu. Baadaye ukaja ukungu ambao hata akijifuta hauondoki. Daktari wa zahanati, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimchunguza akazima tochi. Ndipo akasema, "Baba, haya macho yaliyobaki ni ya kuonea wajukuu. Usiutazame moto tena."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimshika mkono tu penye mitaro. Mtu akiambiwa aache kazi yake, maneno ya mke huwa kama kumfuta jasho wakati wa mvua.

Ndipo akaletwa Kofia. Jina lake tunalijua, lakini hakuna aliyeliita, kwa sababu alivaa kofia ya sufu jua likiwaka, mvua ikinyesha. Alikuwa msichana mwembamba aliyelelewa na bibi yake. Seremala alipomwona alitikisa kichwa. "Huyu hatabeba chuma. Chuma ndicho kitambeba yeye."

Kofia akamjibu kwa adabu, "Basi nitakuja nimepanda, babu." Toka siku ile seremala akampenda.

Huyu alikuwa tofauti. Alifagia bila kununa. Aliuliza kwa nini, na akijibiwa aliuliza tena kwa nini. Na kwa kuwa mume wangu amekatazwa kuutazama moto, alitafuta njia yake. Aligeuza kreti la soda, akaketi juu yake, uso ukutani, moto mgongoni. Akafundisha kwa masikio.

"Unakwenda mbio," alisema bila kugeuka. "Unakaanga mayai au unaunga chuma?"

Kofia alipunguza.

"Sasa umeinua mkono. Nausikia moto unatema."

"Fundi, una macho kisogoni."

"Ndiyo yaliyobaki."

Moto wa kuchomelea una sauti kama mafuta kwenye kikaango, hata mimi nimeuzoea. Ukisalimia pembe vizuri, unasikia kikaango kidogo, kimya, nyayo, kikaango tena upande mwingine. Ilifika mahali nikiwa nje nachambua mboga nilijua kwa sauti hiyo kwamba binti anafanya kazi nzuri. Wateja walirudi. Mume wangu alikuwa akipima na kushauri, Kofia akiunga, na jioni viazi havikuhitajika tena. Nilimshukuru Mungu kwa kupumua kule, ingawa nilijua ni kwa kuazima.

Maana mpango ulikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa muhula afisa anakuja, anamtazama mwanafunzi akitengeneza kitu kimoja mwanzo hadi mwisho. Kisha anamgeukia fundi na kumuuliza: tayari au bado? Akisema tayari, mwanafunzi anapelekwa kwenye kiwanda kikubwa cha matanki ya maji, nje ya mji, kwenye ajira yenye mshahara. Akisema bado, anarudishwa kwa fundi yuleyule muhula mwingine.

Siku chache kabla afisa hajaja nilimpelekea mume wangu chakula karakana. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Nitasema bado," akaniambia.

Nilijua anazungumzia nini. "Lakini yuko tayari."

"Yuko tayari tangu zamani. Nitasema bado."

"Na Mungu je, baba watoto?"

"Mungu anayaona macho yangu."

Nilikusanya vyombo. Nilimwonea huruma binti, lakini mume wangu nilimwonea zaidi, na niseme ukweli, wazo la kuanza upya na kijana mwingine lilinichosha hata kabla hajaja. Akiondoka Kofia, moto wa pale ungezimika. Hakukuwa na mwingine wa kuushika. Nyuma ya ukuta wa bati, tulikuja kujua baadaye, Kofia alikuwa ananawa mikono.

Afisa alifika asubuhi, mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi la karakana nyingine. Alituamkia wote, akaomba maji ya kunywa, akakaa kama mtu aliyekuwa akikitafuta kiti tangu alfajiri. "Baba," alimwambia mume wangu, "wiki hii nimeona vijana wanaoshika chuma kama wanashika nyoka. Natumaini wako atanipumzisha."

"Tutaona," mume wangu akasema, akageukia ukuta.

Kazi ilikuwa kigeti kidogo cha shule ya chekechea. Seremala naye alivuka barabara kuja kutazama. Kofia alipima, akakata, akapanga vyuma chini, akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, akasogeza hiki kidogo na kile kidogo. Afisa alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha binti akashusha ngao usoni, akawasha.

Kikaango kikaanza. Nikangoja kimya, nikangoja nyayo. Hazikuja. Kikaango kikaendelea palepale, kirefu, kirefu, kwenye pembe ileile. Nikaitazama shingo ya mume wangu. Ilikuwa imekakamaa.

"Kofia," akasema.

Kikaango kikaendelea.

"Kofia. Zima."

Akazima. Chuma kilianza kupoa, na polepole pembe moja ya kigeti ikainuka kutoka sakafuni, hata mimi nikaiona.

Mume wangu aligeuka. "Juzi nilipokuwa nakula, ulikuwa wapi?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nanawa mikono."

"Ukasikia."

"Nilisikia, Fundi. Nikasema moyoni, usije ukapata dhambi kwa ajili yangu. Kazi ikiharibika, utasema bado na itakuwa kweli."

Mume wangu alijipangusa macho kwa kiwiko, na si ukungu peke yake alioupangusa.

"Mama," akamwambia afisa, "nilikuwa nimepanga kukudanganya. Macho yangu yamekwisha, nilitaka huyu abaki. Naye amenisikia, akaona anisaidie kwa mkono." Kisha akamgeukia Kofia, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka tu. "Mwanangu, mimi ningedanganya kwa mdomo. Mdomo una toba. Ningelala, ningeamka, ningetubu. Mkono hauna toba. Ukiuzoesha kuharibu kazi kwa huruma, kesho utaharibu kwa uvivu, keshokutwa kwa hasira, wala hautakuomba ruhusa. Usinifanyie hivyo. Nimekaa na ukuta huu muda wote nikiutengeneza mkono huo."

"Na wewe utafanyaje, Fundi?"

"Nitachoka. Si kitu kigeni." Akageukia tena ukuta. "Kinyooshe."

Binti alisimama kidogo. Kisha akakipindua kigeti, akaweka mshono upande wa nyuma, mfupi, akaacha upoe. Chuma kilivuta kurudi. Akaweka mwingine. Akasalimia pembe zilizobaki, moja baada ya nyingine, kikaango, kimya, nyayo, nami nikajikuta napumua pamoja nazo. Akasugua kwa grinda, akavuta uzi. Kigeti kilikaa sakafuni pembe zote.

Afisa alikigusa, akakizungusha. Akauliza kama utaratibu unavyotaka. "Baba, tayari au bado?"

"Tayari," mume wangu akasema, kama mtu anayemruhusu mgeni aondoke wakati mvua bado inanyesha.

Afisa alibaki amesimama. "Ningekuwa na uwezo ningekuachia. Mpango hauruhusu, wakishapita lazima waende."

"Najua."

"Nitakuletea mwingine."

"Anaamka asubuhi?"

"Kwa kweli sijui."

"Basi tuko sawa, mimi na wewe."

Alipoondoka Kofia, seremala alimbebea begi hadi kituoni, akisema lazima ambebe yeye maana chuma kimekataa. Mume wangu hakwenda. Alisema ana kazi, akakaa na bawaba moja mkononi asubuhi nzima. Siku hizi Kofia hutupigia simu akiwa na mapumziko. Mara ya kwanza alilalamika kwamba matanki ni ya mviringo, hayana pembe, hajui amsalimie nani. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Lakini cheko halichomelei geti. Kazi kubwa tunazikataa. Tunashika bawaba, komeo, miguu ya viti, mambo ya nati na tupa. Mteja akija na kazi ya maana, mume wangu humwelekeza kwa fundi mwingine, kisha huketi kwenye kreti hadi jioni. Nami nimepunguza mafuta kwenye mboga bila kusema.

Mwanafunzi wa sasa ni kijana mrefu anayepiga miayo. Siku ya kwanza alikuja jua limeshapanda, akauliza saa ya kutoka kabla hajauliza jina la kitu chochote. Niliwapakulia chakula, nikarudi jikoni nikasali. Sikuomba mambo makubwa. Niliomba mume wangu apewe pumzi ya kuanza tena, nikaishia hapo, kwa sababu kuna siku hata kuomba kunachosha, naye Mungu anajua kumalizia.

Zamani mwanafunzi alianza na ufagio. Sasa kitu cha kwanza mume wangu anachompa ni ngao ya uso. Anamvalisha mwenyewe, anapapasa kamba nyuma ya kichwa kuhakikisha imekaza, anamwapisha kwamba hatawasha kamwe bila hiyo, hata kwa nukta moja, hata mteja akiwa na haraka. Akishamaliza hapo ndipo anakwenda kuketi.

"Fundi," kijana akamuuliza siku ile, "mbona umenipa mgongo?"

"Nataka nikusikie. Washa."

Kijana akawasha. Ilikuwa kelele tupu, nami jikoni nikamsikia mume wangu akianza upya: "Unakwenda mbio."